Kioo cha Mzee Essop

Mzee Essop, mzaliwa wa Durban mwenye asili ya Zanzibar, alikuwa na darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Kile kioo kikubwa cha ndani alikisugua kwa mikono yake sebuleni kwake Berea, jioni baada ya jioni, mpaka kikapata umbo. Honoré alifahamiana naye mwaka 1998, kwenye duka la simu la Greyville ambako Honoré alifanya kazi. Kabla ya kukimbia Kongo alikuwa mwalimu wa fizikia Lubumbashi, na waliposikia kwamba wote wanazungumza Kiswahili, maongezi hayakuisha. Tangu hapo akawa mtu wa kumbebea darubini.

Jioni zisizo na mwezi walipita Westville kwa gari la mzee, wakaendelea hadi vilimani ambako mwanga wa mji haufiki. Huko mzee alipenda kutafuta galaksi moja hafifu ya anga ya kusini, yenye mikono iliyojizungusha. Si kitu cha kuonwa kwa haraka. Unakaa gizani bila tochi mpaka macho yazoee, halafu huitazami yenyewe. Unatazama pembeni yake kidogo, nayo inajitokeza kama pumzi kwenye dirisha la baridi. Mikono yake huja ukivumilia, kisha hupotea.

Jioni moja ya Oktoba, akiandaa darubini peke yake, Honoré aliona vumbi kwenye kioo. Alitaka kumfurahisha mzee. Akachukua dawa ya kusafishia aliyokuja nayo kutoka dukani, akapangusa kwa nguvu. Ule utando mwembamba unaong'aa, unaokifanya kioo kiakisi mwanga, ukatoka pamoja na vumbi, kioo kikabaki na mabaka. Alikifunika haraka, wala hakumwambia mzee.

Kule vilimani mzee aliinama kwenye darubini muda mrefu.

"Honoré, hebu tazama. Mimi sioni kitu."

Honoré akachungulia. Nyota zilikuwa zimefifia, na mahali pa galaksi palikuwa na giza tupu. Angeweza kusema ukweli hapo hapo.

"Iko, papa," alisema. "Naiona muzuri. Hata mikono yake."

Mzee akaenda kukaa garini. Baadaye akasema taratibu, "Basi ni macho. Baba yangu naye yalimwanza hivi hivi."

Wiki iliyofuata alimkabidhi binti yake Ameena funguo za gari. Ameena akampeleka kwa daktari wa macho, na daktari akasema hakuna ugonjwa. Mzee hakusadiki.

"Ananifariji tu," alimwambia Honoré. "Wewe uliiona, mimi sikuiona. Darubini ichukue, itumie wewe mwenye macho."

Honoré akaibeba, kwa sababu hakujua atakataaje. Chumbani kwake aliifunika shuka, na kila alipoingia alijikuta anageuza uso. Jumapili kanisani hakuweza kuimba. Jumatatu hakwenda kazini, alirudi Berea.

Mzee alikuwa barazani, Ameena kando yake. Honoré alibaki amesimama.

"Papa, macho yako haina shida. Nilipangusa kioo na dawa, nikakiharibu. Ile siku hata mie sikuona kitu. Nilidanganya."

Ameena alimtazama baba yake. Mzee alipapasa ukingo wa kiti.

"Kioo si neno," alisema hatimaye. "Kinapakwa upya. Lakini mimi nimeshaanza kujifunza kutembea mle ndani nimefumba macho, nizoee. Na wewe ulikuwa unakuja, unakunywa chai yangu, unaniona." Akainuka kitini. "Nenda nyumbani, Honoré."

Alirudisha darubini kesho yake. Ameena aliipokea mlangoni bila kumkaribisha.

Desemba Ameena alimpigia simu dukani. "Kioo kimerudi. Baba anataka mtu wa kubeba. Ingekuwa mimi, nisingekuita."

Mzee aliendesha mwenyewe. Vilimani alikaa kwenye darubini hadi Honoré akamsikia akicheka peke yake, kwa sauti ya chini. Honoré alikuwa amesimama mbali, karibu na gari. Hakuomba zamu.

"Njoo," mzee akaita.

Alipoinama, machozi yalikuwa yamemjaa, nyota zote zikawa maji. Ikabidi ajifute kwanza, na mzee akamngojea.