Maiki Moja, Vinywa Viwili

Mlangoni mwa ukumbi walikuwa wameweka vikapu vikubwa vya plastiki, na kila aliyeingia alitakiwa avue barakoa yake aitumbukize humo. Mheshimiwa hakutaka kuhutubia nyuso zilizofungwa. Ugonjwa umekwisha, alikuwa amesema redioni, na hilo wimbi la pili ni maneno ya watu wasiolitakia mema taifa. Basi watu wakavua. Wapo waliovua wakicheka, wapo waliovua wakitazama huku na huku kama mtu anayevua nguo hadharani.

Fundi wa sauti, kijana ambaye mji mzima ulimwita Masikio, aliviona vikapu vikijaa akaacha kuunganisha nyaya. Asubuhi ile dada yake, muuguzi, alikuwa amempigia simu akiwa amejifungia chooni kazini.

"Vitanda vimejaa tena," alisema kwa kunong'ona. "Tumeamriwa tuseme ni kifua tu. Kifua, kifua, utadhani sisi si wale wale tuliozika. Sasa nisikilize. Mama asikanyage huo ukumbi. Daktari alitwambia wazi, mapafu yake hayatastahimili mara ya pili."

"Mama ndiye anayeongoza kwaya leo."

"Mzuie."

"Wewe umewahi kumzuia mama?"

Simu ikakatika.

Ugonjwa ulipokuja mara ya kwanza uliwalaza wazazi wao chumba kimoja pale nyumbani, kitanda huku na kitanda kule. Mama aliinuka. Baba hakuinuka. Masikio alikuwa akilala kwenye korido, mgongo kwenye mlango wao, na kile alichokisikia kupitia ule mlango hakijamtoka kichwani mpaka leo: pumzi ya baba yake, kama gunia la changarawe linaloburutwa juu ya saruji. Linaburutwa, linakwama, linaburutwa tena.

Alimkuta mama yake nyuma ya jukwaa, katikati ya wanawake wa kwaya, gauni limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Nimekaa ndani mpaka kuta zinaniamkia." Wanawake wakaangua kicheko.

"Dada kapiga simu. Anasema hospitali—"

"Dada yako akiona nzi hukuambia kaona ndege ya kivita." Kisha akamsogelea, akamweka sawa kola ya shati, na sauti yake ikashuka. "Tangu baba yako aondoke sijafungua kinywa hiki kuimba. Leo nimeitwa. Niache niimbe, baba."

Masikio akaenda kumpelekea Mheshimiwa maiki.

Katika chumba cha wageni Mheshimiwa alikuwa ameketi, mtu mrefu, shati jeupe, kijasho kimemtoka juu ya mdomo ingawa feni ilikuwa ikizunguka. Aliomba maiki aipime uzito. Alikuwa na mtindo wake uliojulikana na mafundi wote: aliila maiki. Aliigandamiza midomoni kama muwa, akanguruma ndani yake, "Wananchi, wananchi," kisha akageuza uso akakohoa kwenye leso.

"Vumbi la safari," alisema, akamrudishia.

Masikio akaipokea, akapanda nayo jukwaani. Fundi wa kweli haiamini maiki iliyotoka mkononi mwa mtu mwingine, na yeye alikuwa fundi wa kweli. Mkono ukafanya kazi uliyoizoea. Akaileta mdomoni, karibu kabisa, wavu wake ukamgusa midomo. "Moja, mbili. Moja, mbili." Sauti ilikuwa safi. Akaitundika kwenye stendi akashuka.

Alipofika nyuma ya ukumbi, kwenye meza yake ya vitufe, alimkuta Msaidizi wa Mheshimiwa akimsubiri. Alikuwa kijana wa rika lake, suti imembana, manukato yametangulia.

"Kaka, kazi yako leo ni moja. Mzee akikohoa, unafunga. Ukumbi usisikie, redio isisikie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Anaumwa?"

"Nani kasema anaumwa?" Msaidizi alitabasamu kwa meno tu. "Halafu akimaliza hotuba, atamwita yule mama wa kwaya, yule aliyepona. Watasimama pamoja, maiki moja, wataimba vinywa vimekaribiana. Picha hiyo itawafunga midomo wazushi wote."

"Kila mtu nitampa maiki yake. Sauti itatoka vizuri zaidi."

"Maiki moja," alisema Msaidizi. "Ndiyo maana yenyewe ya picha."

Masikio akataka kusema yule ni mama yangu. Badala yake akavaa hedifoni.

Kwenye hedifoni ndiko alikoishi. Watu ukumbini husikia kile fundi anachowapa. Fundi husikia yote. Mheshimiwa alipoanza kusema, ukumbi ulisikia sauti nzito, ya kishujaa, iliyooshwa na vile vitufe. Alipogeuka na leso, kidole cha Masikio kilishuka, spika zikanyamaza kidogo, kikapanda tena. Watu wakapiga makofi, wakidhani amenyamaza kwa mbwembwe.

"Tuliambiwa tutakwisha," alisema Mheshimiwa. "Tumekwisha?"

"Hatujakwisha," ukumbi ukaitika.

Lakini kati ya neno na neno kulikuwa na kitu kingine. Masikio alidhani waya umelegea. Akaangalia waya, ulikuwa mzima. Akafumba macho, akasikiliza. Kitu kikaburutwa, kikakwama, kikaburutwa tena.

Alijiona amerudi kwenye ile korido, mgongo kwenye mlango. Pumzi ni ile ile. Aliijua kama mtu anavyojua hatua za mzazi wake gizani, na hapo, jukwaani, ilikuwa imevaa shati jeupe na inawaambia watu wasiogope. Safu za mbele zilijaa wazee, vinywa wazi, wanacheka pale wanapochekeshwa. Mama yake alikuwa mwanzo wa safu ya kwaya, kidevu juu, mtandio umelala mabegani.

"Na sasa," Mheshimiwa alisema, "nataka mama yetu mmoja aje hapa. Ugonjwa ulimgusa akausukuma. Mama, njoo tuimbe."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mama akainuka.

Masikio alitazama umbali kutoka meza yake hadi jukwaani, watu wamejaa hata njia haionekani. Angepiga kelele, nani angesikia? Angezima maiki, wangeimba bila maiki, na wangekaribiana vile vile. Mama alikuwa ameanza kupanda ngazi, gauni amelikunja kwa mkono mmoja. Juu, Mheshimiwa alikuwa ameinyoosha maiki mbele yake kidogo, anavuta pumzi, anamngoja.

Mkono wa Msaidizi ukatua begani mwa Masikio. "Vizuri sana, kaka. Endelea hivyo hivyo."

Masikio akasukuma kitufe cha sauti juu. Akakisukuma mpaka mwisho, mahali ambapo hajawahi kukifikisha tangu aanze kazi.

Pumzi ikaujaza ukumbi. Ilitoka kwenye spika zote, ikagonga kuta, ikarudi. Gunia zima la changarawe, likiburutwa juu ya vichwa vya watu. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mheshimiwa akataka kucheka ayamalize, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea, na hapakuwa na kidole cha kukifunga.

Mama alisimama katikati ya ngazi. Masikio aliona mgongo wake ukikakamaa. Hakuna mtu mle ndani aliyehitaji kumwambia ile ni nini. Alikuwa amelala kitanda cha pili akiisikiliza mpaka ilipokoma. Polepole akauvuta mtandio, akafunika pua na kinywa. Akageuka, akawatazama wanawake wake.

"Tokeni," alisema. Maiki ilimnasa toka pale alipo, na ukumbi mzima ukasikia.

Ndipo watu walipokimbilia mlangoni, na mlangoni ndipo walipogombania vikapu. Kila mtu alikuwa anatafuta barakoa yake, na hakuna aliyeipata. Waliokota walichokipata, za wageni, za watu wasiowajua, wakajibandika usoni zikiwa na joto la vinywa vya wengine.

"Umefanya nini wewe?" Msaidizi alimkunja shati.

"Uliniambia nifunge akikohoa," Masikio alijibu. "Alikuwa anapumua."

Msaidizi akamwachia. Akatazama jukwaani, ambako Mheshimiwa alikuwa ameshikilia meza kwa mikono miwili, kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa suti akatoa barakoa safi, iliyokunjwa vizuri. Alikuwa nayo muda wote. Akaivaa, akaondoka bila kumsaidia bosi wake wala mtu mwingine.

Ukumbi ulipopungua watu, mama alimwona mwanawe. Alikuja akipita kati ya viti vilivyoanguka, mikono ameinyoosha kama alivyokuwa akiinyoosha Masikio alipokuwa mtoto na kuanguka. Naye aliinuka kumwendea. Akajipangusa midomo kwa mgongo wa mkono, jasho tu alidhani, na pale pale akakumbuka wavu wa maiki. Ulipomgusa ulikuwa bado na unyevu wa kinywa cha Mheshimiwa. Moja, mbili.

"Mama, simama hapo."

"Nini tena?"

"Simama hapo hapo. Usinisogelee. Ile maiki—"

Mama akasimama. Alikuwa amemsikia maisha yake yote, mezani, uani, bafuni, akijaribu kila kitu chenye waya. Hakuhitaji kuelezwa sana.

"Uliijaribu baada yake?"

"Niliijaribu."

Mikono ya mama ilibaki hewani muda, haina pa kwenda. Kisha akaishusha, akaukaza mtandio.

"Haya," alisema, na sauti yake haikukaa sawa. "Mimi natangulia. Wewe njoo nyuma. Chumba cha korido ni chako, chakula nitakiweka mlangoni."

Barabarani palikuwa pamejaa watu wanaotembea haraka bila kutazamana. Mama alitangulia, hakugeuka, lakini alisema njia nzima, kwa sauti ya juu ili imfikie: kwamba gauni limeharibika, kwamba dada yake atajisifu mwaka mzima, kwamba ile sauti ya spika ilikuwa kubwa mno, nani kakufundisha kazi. Masikio alimjibu kwa neno moja moja. Kila alipojibu alinyamaza kidogo, akavuta pumzi polepole, na kuisikiliza ikiingia.