Abner Hakauki

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa kilima cha Manga, Drusilla alijifunga gunia la plastiki kiunoni asilowe umande, akashuka shambani kuchuma majani chai. Alianzia juu karibu na migomba, akateremka mstari kwa mstari. Jumanne hiyo alikuwa hajafika hata katikati alipomkuta mumewe, Abner, amesimama kati ya michai, amevaa joho jeupe la ubatizo, anachuruzika maji. Walikuwa wamemzika wiki tatu zilizopita.

"Mama Lorna," Abner akasema, "hukuleta taulo?"

"Nimeleta kikapu. Ningejua unakuja?"

Akampeleka nyumbani, akampa uji. Akamfuta kwa taulo, kisha kwa leso tatu, kisha kwa sweta ambayo binti yao aliiacha Krismasi. Vyote vililowa, na Abner hakukauka. Maji yalimtoka mikononi mwa joho, safi, ya baridi, yenye majani ya mtoni. Kufikia saa sita yalikuwa yamechimba kijifereji hadi zizini. Jirani yao Nyanchera akaja kumpa Drusilla pole, akatega ndoo, akashukuru kwamba leo hatateremka mtoni.

Abner alikuwa fundi wa kujengea makaburi kwa saruji. Kwa miaka thelathini alimsindikiza mkewe hadi mlango wa kanisa kila Sabato, kisha akabaki nje akipiga soga na wenye bodaboda. Akiulizwa kuhusu maisha baada ya kifo, alisema, "Mimi nimewafunga wengi, na hajabisha hodi hata mmoja. Huenda wako, huenda hawako. Sijui."

Alipougua mapafu mwezi wa Juni, mzee wa kanisa Nyangate alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ndugu Abner, ukiamini, halafu ikawa hakuna kitu, umepoteza nini? Na ukikataa, halafu ikawa kipo?"

Abner alicheka mpaka akakohoa. "Na kama Mungu mwenyewe hapendi watu wa kubahatisha?"

Nyangate akaanza kupekua Biblia yake.  Drusilla alimshika mumewe miguu chini ya blanketi, akasema, "Baba Lorna, nakuomba."

Kanisa lao halikubali maji ya kunyunyiza. Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda, walimbeba Abner kwa kiti cha plastiki hadi mtoni, wakamzamisha mzima mzima. Jumatatu akafa. Mazishini Nyangate alisema tumshukuru Mungu, ndugu yetu aliwahi.

Sasa kamati ya kanisa ikabidi ikae. Wao hufundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote hadi siku ya ufufuo, kwa hiyo wakaandika kwamba Abner hayupo. Kisha Nyangate akaja kumwona. Aliketi mbali kidogo, viatu vyake visilowe.

"Utusaidie, ndugu. Mke wa Mogaka ni mgonjwa na bado anasitasita kubatizwa. Ulikuta nini huko?"

"Maji," Abner akasema. "Baada ya maji sijaona kingine. Hata sijui kama nimelala au nimeamka."

"Lakini hujasema hakuna kitu."

"Sijasema. Nimesema kuna baridi. Mpashieni huyo mama maji moto."

"Mto haupashwi, ndugu," Nyangate akajibu kwa upole, akaaga.

Jumamosi iliyofuata walimbeba mke wa Mogaka kwa kiti kile kile. Drusilla aliwasikia wakipita njia ya chini wakiimba. Wimbo ulikatika walipofika mtoni, kisha ukaendelea.

Yeye hakwenda. Ilikuwa Sabato ya kwanza kukosa tangu aolewe. Alikaa jikoni na mumewe, moto umejaa kuni, miguu yao wote wawili imo majini.

"Mama Lorna, mimi sikuamini," Abner akasema. "Hata nilipokuwa chini ya maji. Niliingia kwa sababu uliniomba."

"Najua."

"Nilidhani unaogopa nitachomwa motoni."

Drusilla alikuwa akikamua mkono wa joho lake. Aliukamua mpaka ukaisha maji, na maji mengine yakaja. Akauachilia.

"Sikuwaza kuchomwa," akasema. "Niliwaza kaburi langu kando ya lako. Siku ile ya ufufuo nifunguliwe, nisimame, nikuite, na lako libaki limefungwa kwa saruji. Sikukuhurumia wewe, Baba Lorna. Nilikutoa kitandani nikakutia kwenye baridi ile kwa sababu niliogopa kuamka peke yangu."