Shikaneni Mikono

Watu hudhani mchungaji wa vijana ni mtu wa gitaa na pipi. Wanifuate Jumamosi moja tu. Ile Jumamosi, kabla hata sijavua koti, mpiga besi alikuwa ameshamtia mpiga ngoma ngumi ya pua kwa sababu ya kugombea kiti, na mpiga ngoma amemrudishia kwa kijiti cha ngoma nyuma ya sikio. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye zulia la kwaya. Niliwakamata kola, mmoja huku mmoja huku, nikawaburuta mpaka ofisini na kuwakalisha chini kama magunia. Kwenye jokofu langu, rafu ya juu ni ya divai ya meza ya Bwana, rafu ya chini ni ya barafu za kukandia nyuso. Barafu ndiyo huisha kwanza.

Nasema haya mapema ili mnielewe. Mimi vurugu nimezizoea kama muuza nyama alivyozoea nzi. Nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na aliyenipa kazi ya kuwahubiria vijana upole bila shaka alitaka kunicheka. Kila mwaka nawafundisha habari ya kugeuza shavu la pili, na kila mwaka naupita mstari ule mbiombio, kama mtu anayepita mbele ya duka lenye deni lake.

Jumanne yake Soprano akaja ofisini. Jina hilo alipewa na kwaya, kwa sababu ndiye anayeongoza sauti ya kwanza. Kanisani kwetu kila aliye chini ya miaka thelathini na mitano ni kijana, awe na mume au asiwe naye, kwa hiyo alikuwa mtu wangu. Mumewe tunamwita Fundi. Anachomelea vyuma. Lango la kanisa ni kazi yake, nondo za madirisha ni kazi yake, na Jumapili yeye ndiye shemasi anayesimama mlangoni akipokea watu kwa mikono miwili, “Karibu mpendwa, karibu mpendwa,” mpaka unajiona umefika mbinguni kabla ya kufa.

Soprano hakutaka kukaa. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kwa mtandio. Nilipoufungua, vidole viwili vilikuwa vinatazama upande usio wao.

“Mlango tena?” nikauliza, kwa maana mara ya mwisho aliniambia ni mlango.

“Kaka, leo sina nguvu ya kusema mlango.”

Basi akasimulia, macho yake yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. Fundi alimwita karakanani, akaulaza mkono wake juu ya meza ya kazi, akaukandamiza kwa goti na kuupiga kwa mpini wa nyundo. Mara ya kwanza, kisha mara ya pili kwa kuwa alipiga kelele. Alisema huo ndio mkono anaoupunga mbele ya kwaya wanaume wakimtazama. Halafu akaosha mikono, akala.

Nilimpeleka hospitali. Wakamnyoosha vidole, wakavifunga pamoja na kijiti na bandeji. Kutoka hapo nikampeleka kwa mama yangu, ambaye alimtazama mara moja tu, akafungua mlango wote.

“Ingia, mwanangu. Hapa hakuna wa kukuuliza kitu mpaka ushibe.” Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe, huko unakotaka kwenda usiende. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.”

Nikaenda. Nilimkuta Fundi anachomelea kitanda cha mtu, cheche zinaruka. Aliponiona akainua kinyago chake, akatabasamu. “Karibu mpendwa.”

Nilimkaba shingo nikambamiza kwenye geti alilokuwa amelisimamisha ukutani, likapiga kelele mtaa mzima. Hakujitetea. Alilegeza mwili wote, akaninong'oneza, “Nipige, mchungaji. Nipige vizuri, usoni, nipate cha kumwonyesha Baba Mchungaji.” Nikamwachia. Nilipiga teke ndoo yake ya maji kwa hasira, nikaumia kidole gumba, na nikaondoka nikichechemea huku nasikia anacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya joho la shemasi.

Kesho yake jioni, kwenye maombi ya katikati ya wiki, Fundi alianguka sakafuni. Alilia, akagaagaa, akajipiga kifua kwa ngumi akisema yeye ni mwenye dhambi kuliko wote. Akina mama wakalia naye. Baba Mchungaji, mzee wetu aliyenibatiza na kunifundisha kazi, alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, na asubuhi akaniita.

“Jumapili tunawapatanisha,” akasema.

Hapo inabidi nieleze, maana kupatanisha kwetu si maneno ya chai. Waliogombana huitwa mbele ya madhabahu, wanashikana mikono, na kanisa zima linasema amina mara tatu. Amina ya tatu ikishasemwa, jambo limefungwa. Halitajwi tena, wala kwa wazee wala kwa polisi wala kwa jirani. Anayelifukua ndiye mkosaji. Kanuni hiyo imewaokoa watu wengi waliogombea mipaka ya viwanja na mirathi. Lakini kwa Soprano maana yake ilikuwa moja: baada ya amina ya tatu angerudi nyumba ile, na siku Fundi akimlaza tena mkono mezani, hakuna mtu kanisani ambaye angeruhusiwa kumsikiliza.

“Baba,” nikasema, “yule mtu amevunja vidole vya mwenzake.”

“Na Mungu ameuvunja moyo wake.”

“Moyo hauonekani. Vidole nimeviona.”

“Wewe kijana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Hakukasirika, alinionea huruma, na hilo liliniudhi zaidi. “Wewe ndiye utakayemleta. Anakuamini.”

Nilimpelekea habari Soprano kwa mama. Alikuwa amekaa jikoni, anajaribu kumenya viazi kwa mkono wa kushoto, viazi vinatoka vidogo kama karanga.

“Usije,” nikamwambia. “Nitasema unaumwa.”

“Nisipokuja, nitakuwa mimi ndiye niliyekataa kusamehe. Yeye amelia mbele za watu. Mimi nani ameniona nikilia?” Akamenya kidogo. “Nikija, utakaa karibu?”

“Nitasimama hapo hapo ubavuni.”

“Basi nitakuja.”

Jumapili kanisa lilijaa mpaka ngazini. Habari ya machozi ya Fundi ilikuwa imetembea. Soprano alivaa sare ya kwaya, bandeji yake nyeupe pepepe, akasimama mbele, na mimi nikasimama hatua moja kutoka kwake kama nilivyoahidi. Fundi akapiga magoti. Akalia vizuri, lazima niseme; hata mimi niliyekuwa namjua nilikaribia kumwamini. Akaomba msamaha kwa mkewe, kwa kanisa, kwa wazazi wa pande zote mbili, walio hai na waliotangulia.

“Shikaneni mikono,” akasema Baba Mchungaji.

Soprano akatoa mkono wa kushoto, ule mzima.

“Mke wangu,” Fundi akasema kwa sauti ya kusikika nyuma, huku machozi yanatiririka, “amani tupeane kwa kushoto kweli?”

Watu wakacheka, kicheko cha upendo, cha watu wanaotaka mambo yaishe vizuri. Soprano akakitazama kile kicheko chote, akashusha wa kushoto, akainua wa kulia. Fundi akasimama, akaupokea kwa mikono yake miwili kama anavyopokea wageni mlangoni.

Akabana.

Niliona vifundo vya vidole vyake vinabadilika rangi. Nilisikia kijiti ndani ya bandeji kikikatika, sauti ndogo kama njiti ya kiberiti. Soprano hakupiga kelele. Kidevu kilimtetemeka, machozi yakamshuka, na mama mmoja kwenye safu ya mbele akasema, “Tazama, roho imemshukia.”

“Kanisa, semeni amina!”

“Amina!”

Fundi alikuwa anamtazama mkewe usoni, anatabasamu, na mikono yake inasaga polepole kama mtu anayekamua nguo.

“Semeni amina!”

“Amina!”

Damu ilinipanda kichwani. Kabla Baba Mchungaji hajafungua kinywa mara ya tatu nilimpiga Fundi ngumi ya taya kwa nguvu zangu zote. Alirudi kinyumenyume akaangukia meza ya Bwana. Nikamfuata. Nilimkalia kifuani nikampiga mdomo, nikampiga jicho, nikampiga tena mdomo mpaka nikahisi jino limeniingia kwenye ngozi ya kidole. Damu ikachora kitambaa cheupe cha meza. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji baada ya safari.

Mpiga besi na mpiga ngoma waliruka kizuizi cha kwaya pamoja, safari hii upande mmoja, wakawavamia mashemasi waliokuwa wanakuja. Benchi likaanguka na watu wake. Mzee mmoja alipigwa kiwiko cha jicho na mtu asiyemjua, na bibi mmoja alikuwa anagawa mikoba kichwani kwa kila aliyepita mbele yake, mwenye haki na asiye na haki. Mashemasi wawili wakanidaka, wakanikunja mikono mgongoni, na wa tatu akanipasua mdomo kwa ngumi ili kuwasaidia wenzake.

“Shetani amemwingia mtumishi wangu,” Baba Mchungaji akasema, na sauti yake ilikuwa inalia.

Fundi alikuwa chini, uso mzima damu. “Nimemsamehe,” akawa anasema. “Nimemsamehe.” Kanisa likaguna kwa huruma. Wakati ule wangempa uaskofu.

“Alikuwa anambana!” nikapiga kelele. “Amemvunja tena, hapa hapa, mbele yenu!”

Baba Mchungaji akamgeukia Soprano. “Mwanangu, amekubana?”

Soprano akamtazama Fundi. Fundi akamtazama yeye.

“Hapana, Baba.”

Nikaacha kujikwamua. Mashemasi wakaona nimelegea, wakakaza zaidi.

“Basi,” mzee akasema kwa upole, “shikaneni tena, tumalize amina yetu.”

Fundi akajizoazoa, akafuta mdomo, akanyoosha mkono. Soprano akaanza kuinua wake. Ukafika usawa wa tumbo, ukasimama. Akaukazia macho kama mama anayemkazia macho mtoto aliyegoma kuamkia wageni. Ukapanda kidogo, ukashuka.

“Baba,” akasema, “mkono umekataa.”

“Lete mkono.”

Aliyesema ni Fundi. Hakupaza sauti. Lakini haikuwa sauti ya mlangoni wala ya kwenye magoti. Ilikuwa ya nyumbani, na kanisa lilikuwa halijawahi kuisikia. Kabla neno halijaisha Soprano alikuwa ameshachutama chini, mikono yote miwili imefunika kichwa, kiwiko kimelinda sikio, mgongo umeelekezwa kwa mumewe. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Alifanya haraka na kwa ustadi, kama mtu anayefanya jambo hilo kila siku.

Fundi alibaki na mkono hewani.

Mama yangu akainuka kutoka benchi lake. “Amina ya tatu mimi siisemi,” akasema. “Anayetaka kuisema aiseme peke yake, tumsikie.”

Baba Mchungaji alitazama watu wake, safu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyesema. Mikono iliyokuwa imenishika ikaniachia, na mashemasi wale wale wakaenda wakasimama mmoja kulia mmoja kushoto kwa Fundi, wenzake wa zamu ya mlangoni, wakamtoa nje kwa mlango wa pembeni na kumpeleka kituo cha polisi kwa miguu. Fundi hakumwambia mtu karibu.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la korido, Soprano katikati, mama upande mmoja, mimi upande wa pili. Mkono wangu ulikuwa umevimba kama andazi, mdomo umepasuka, na Baba Mchungaji alikuwa amenitumia ujumbe kwamba nisikanyage ofisini mpaka aniite. Sikujali. Nisifiche: nilikuwa nasubiri shukrani.

“Kaka,” Soprano akasema, “alipoanza kunibana, uliona?”

“Niliona.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo. Kabla ya amina ya kwanza.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha. “Ikaja ya kwanza, ikaja na ya pili.”

“Nikampiga.”

“Ulimpiga, ndiyo. Hata yeye hupiga.” Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. “Mimi sikuwa nataka apigwe. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilisema moyoni, huyu kazi yake ni kusema, atasema sasa hivi. Neno moja tu. Mwachie. Mbona hukusema?”

Mama yangu aliangalia sakafu. Muuguzi akatokea mlangoni akamwita anayefuata. Soprano akainuka, mama akamshika kiwiko cha mkono mzima, wakaingia ndani, mlango ukafungwa.