Siala za Kulinganishia

Kifuniko cha sufuria ya Bitutu kilianza kutetema kabla hakujapambazuka, nikajua anampikia mgeni uji. Bitutu ni mke mwenzangu. Marehemu Ondieki alitugawia shamba hapa Uriri, yeye upande wa juu, mimi wa chini, na katikati ua wa mkonge. Mwaka huo wa 1996 nilimwonea wivu mpaka chakula kikakosa ladha.

Chanzo kilikuwa Joyline, binti wa kituo cha utafiti. Kwa Bitutu alipanda sesbania, miti ya kurutubisha udongo, kwangu akapanda siala, mti wetu wa kujengea. Kila alipokuja alianzia kwa Bitutu. Alifukua mizizi, akapasua vinundu vyake kwa ukucha, akafurahia wekundu wa ndani.

"Vinafanya kazi hivi! Vinavuta nitrojeni hewani na kuulisha mti."

Kwangu alipima urefu tu, akaondoka.

"Joyline, hizi zangu ni za nini?" nilimwuliza siku moja.

"Za kulinganishia, Mama Momanyi. Siala haiwezi kuvuta hewani. Inakula ya udongoni tu."

Bitutu akacheka ng'ambo ya ua. "Mama Momanyi, miti yako inakula bila kuleta kitu, kama mashemeji zetu!"

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo niliingia ndani.

Basi kila siku ya mnada wa ng'ombe Ogwedhi nilirudi na gunia la samadi, nikaifukia kwenye mashina. Siala zikanona. Wanawake wa Sindo, kule Homa Bay, walikuwa waje kutembelea shamba la majaribio, nami nilitaka waingie kwangu, jina langu litajwe kabla ya la Bitutu.

Asubuhi hiyo ya uji Joyline alifika na mifuko ya karatasi ya kuchumia majani. Akaona siala zangu, akaja kwangu kwanza. Moyo wangu ulijaa.

"Majani haya yatasagwa yapimwe kwa mashine," alisema. "Nitrojeni ya udongo ina alama yake, ya hewa ina yake. Siala ndiyo inayotuonyesha ya udongo. Bila zako, Mama, sesbania za Bitutu hazisomeki."

"Na mtu akitia samadi?"

"Lo! Samadi ina alama yake. Hesabu ingepotoka, na sesbania zingeonekana zimevuta hewani zaidi kuliko kweli."

Kumbe misimu miwili nilikuwa nikimbebea Bitutu sifa kichwani, tena za uongo.

Joyline alishika tawi la kwanza. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, miti yangu inafutwa. Hapo Bitutu akapita penye pengo la ua na vikombe vya uji. Kikombe cha kwanza alinipa mimi, si mgeni, na alikuwa amenitilia ndimu, kwa kuwa anajua tumbo langu.

"Usichume," nikasema. "Nimetia samadi. Nilitaka zishinde za Bitutu."

Joyline aliachia tawi. Bitutu alitua vikombe chini.

"Yale magunia? Nilidhani ni ya mboga. Nikawa najiuliza huyu mama atakula sukuma wiki kiasi gani." Kisha akamgeukia Joyline. "Kuna siala tatu kule mpakani, juu ya kisima. Zilijiotea zenyewe mwaka ule mliopanda. Hakuna aliyezigusa."

Tulikwenda watatu. Joyline akazipima, akafikicha udongo wa hapo mkononi, akasema zitafaa. Alichuma majani, akafunga mifuko. Halafu akafungua daftari na kukata jina langu kwa mstari mmoja, mbele yangu, bila kuficha.

"Samahani, Mama. Shamba lako siwezi kulihesabu tena."

"Ni haki yako, mwanangu."

Wageni wa Sindo wangepita juu, kwa Bitutu. Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Nilimsindikiza Joyline hadi njia panda nikiwa nimembebea mifuko miwili. Alipoipokea, nilimshika mkono.

"Ukija tena kwa Bitutu, ingia na kwangu. Hata kama hakuna cha kupima."