Nguvukazi ya Kaya

Usijifanye hukuwepo. Ulikaa kiti cha dirishani kwenye basi lililotoka Sikonge, na yule mama alipopanda amekumbatia jiwe la kusagia, ulimwona. Uliona kwamba kandambili zake hazigusi sakafu. Ukatoa simu, ukaanza kusoma ujumbe uliokwisha kuusoma jana. Kondakta alimwambia alipie jiwe, akalipia, na wewe hukusema kitu. Sasa kaa usikie alikuwa anakwenda wapi, na kwa nini.

Jina lake ni Nyamizi. Kijijini kwake, mbele ya Sikonge, anaitwa Mama Juli kwa sababu ya Julieth, binti yake wa kwanza, ambaye habari hii inapoanza alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uchumi katika chuo kimoja mjini Tabora, amepanga chumba mtaa wa Chemchem. Mama Juli alikuwa mwanamke mzito. Mumewe, Masolwa, alipompakia kwenye baiskeli, majirani waliipa baiskeli pole.

Shahada ya uchumi ina madai yake. Kwanza maikro, makro na hisabati. Halafu takwimu na ekonometriki, somo ambalo limerudisha wengi nyumbani. Yapo masomo ya kuchagua, na historia ya uchumi ni mojawapo, ila haina mwalimu tangu zamani na hakuna anayeuliza. Mwisho kabisa kuna utafiti. Mwanafunzi asiyewasilisha ripoti iliyosainiwa na msimamizi wake havai joho, hata kama mengine yote ameyafaulu.

Julieth alichagua faida ya kilimo cha tumbaku kwa kaya za Sikonge. Likizo ilipofika alikwenda nyumbani na dodoso lake, akaanza na kaya ya kwao. Mama yake alimpa kigoda kama mgeni. Wakakaa mbele ya bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, mama akijibu huku mikono inafunga majani mabichi kwenye vijiti.

"Ni kazi gani zinafanywa na wanakaya bila malipo?" Julieth alisoma.

"Kwani ipi inalipwa?"

"Mama, jibu swali."

"Haya, andika." Akataja kitalu, kumwagilia, matuta, kupandikiza, kuvunja maua, kung'oa machipukizi, kuchuma, kufunga vijitini, kukata kuni, kukesha na moto wa bani, kupanga madaraja, kufunga marobota.

"Na kupika," alisema Masolwa, ambaye alikuwa anapaka grisi mnyororo wa baiskeli.

"Sijasahau. Nimeona karatasi ya mwanao ni ndogo."

Aliporudi chuoni Julieth alifuata mfano wa ripoti za nyuma zilizoko maktaba. Upande wa gharama aliandika mbegu, mbolea, dawa, usafiri na vibarua. Mstari wa mwisho ulisema nguvukazi ya kaya, na mbele yake, kama ilivyokuwa katika ripoti zote, aliandika sifuri.

Wiki hiyo Mama Juli aliona njiani kwamba haachi nyayo. Siku chache baadaye kandambili ziliacha kugusa ardhi, na akawa anakwenda juu ya vumbi kwa upana wa kiganja. Majirani hawakumwacha. Kila mwenye mzigo alimletea aubebe, ili ukae juu yake na yeye akae chini: madumu ya maji, kuni, magunia ya mahindi. "Tunakushikilia, Mama Juli," walisema wakimtwika. Akawa anatembea kutwa na mizigo ya kijiji kizima, na kina mama wenzake wanafuata nyuma mikono mitupu, wakimwonea huruma.

Masolwa alikwenda kumuuliza mzee Mabruki, mrina asali, ambaye maisha yake yote ametundika mizinga katika miti ya miombo na ameyaona mambo ya juu. Mabruki alisema hali hiyo anaijua. Kule ndani, njia ya zamani ya misafara inapokatiza msitu, watu wamo matawini tangu enzi za pembe za ndovu. Ni wale ambao tajiri aliandika idadi ya pembe na hakuandika aliyezibeba.

"Wana shida gani?" Masolwa aliuliza.

"Hawana shida. Nyuki wamewazoea. Nikipanda nawapa shikamoo, wanaitikia. Ila kila mara wananiuliza kama msafara umeshaondoka."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia bado. Nitawaambia nini?"

Masolwa alimpigia simu binti yake. Julieth alikuja na kompyuta yake, akaifungua juu ya ndoo iliyofunikwa. Mama yake alikuwa amesimama hewani karibu na jiko, gunia kichwani.

"Umeniandika nini, mwanangu?"

"Sifuri, mama."

"Sifuri yenyewe hii tunayoijua?"

"Ndiyo."

"Hebu badilisha, tuone."

Julieth alifuta sifuri, akaweka ujira wa kibarua, kazi kwa kazi, kama alivyotajiwa pale kwenye kigoda. Kandambili za mama yake ziligusa chini. Mama Juli alishusha gunia, akaenda hadi banini na kurudi, akageuka kuangalia nyayo zake.

"Hapo sawa," alisema. "Na kupika umeweka?"

Julieth akaweka kupika. Mama yake akakaa kigodani, kigoda kikalalamika kwa uzito, na Masolwa akacheka. Lakini chini ya jedwali, mahali palipokuwa na neno faida, sasa palisomeka hasara.

Msimamizi wake alikuwa Dokta Raymundi, mtu mpole ambaye hakuwahi kumfokea mwanafunzi. Ofisini kwake kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye mguu wa kabati. Ilitoka dirishani ikapanda kupita paa. Alisoma jedwali, akavua miwani.

"Julieth, wilaya nzima inalima kwa hasara, na kila mwaka wanarudi shambani. Kwani ni wajinga?"

"Mama yangu si mjinga, Dokta."

"Mama yako yumo humu?"

"Ndiye kaya ya kwanza."

Dokta Raymundi alifuta miwani kwa pindo la shati. "Nguvukazi ya kaya haina bei sokoni," alisema. "Kisicho na bei tunaweka sifuri. Ripoti zote zimeweka sifuri. Hata yangu." Akainuka, akavuta kamba kidogo. "Shikamoo, mama," alisema dirishani.

"Marahaba, baba," sauti ilijibu kutoka juu ya paa. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Kula."

Alikaza fundo, akarudi kwenye kiti. "Rudisha sifuri nisaini, uhitimu na wenzako. Usiporudisha utarudia mwaka, na ukirudia huna mkopo. Mimi sikulazimishi."

Julieth alipiga simu nyumbani akiwa kwenye ngazi za jengo.

"Mama, wanataka sifuri."

"Na usipoandika?"

"Narudia mwaka."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, mama."

Upande wa pili ilisikika mikwaruzo ya majani yakifungwa vijitini. "Basi andika," alisema Mama Juli. "Mimi nitashika mti."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Palikuwa na nafasi ya kutosha, simu ilikuwa na chaji, mtandao ulikuwa mzuri. Julieth alisema, "Asante, mama," tena kwa haraka, kama mnunuzi anayeogopa mwenye mali atabadili nia.

Alichapisha ripoti mbili, ya sifuri na ya namba za kweli, kwa sababu hata pale steshenari alikuwa bado anajidanganya kwamba hajaamua. Festo, mwenye steshenari, aliziweka mezani.

"Dada, tunafunga ipi?"

"Hiyo nyembamba."

"Na hii nene?"

"Tupa."

Festo hakuitupa, maana karatasi ilikuwa nzuri. Dada wa maandazi wa jirani aliichukua akafungia wateja wake. Watu wa Chemchem walikula maandazi asubuhi kadhaa, na kwenye vidole vyao, katika mafuta, kulikuwa na kumwagilia, kuchuma, kukata kuni. Hakuna aliyesoma. Gundi ilipokauka kwenye ile nyembamba, Mama Juli aliinuka hadi ukingo wa paa la bani, na Masolwa akamdaka kwa pindo la kanga.

Ripoti ilipata A.

Kwa hiyo sasa unajua yule mama alikuwa anakwenda wapi na jiwe lake. Alikuwa anakwenda mahafali.

Chemchem alifikia chumbani kwa Julieth. Mwenye nyumba, Bi Mwanamkuu, ni fundi cherehani. Alimtazama mgeni alivyokumbatia jiwe, akaenda kuleta futi ya kupimia.

"Shikamoo, bibi," alisema Julieth. "Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba. Usumbufu gani? Msimu huu kazi yangu ndiyo hii." Alimshonea Mama Juli koti refu, na katika pindo akatia vipande vya nondo. "Mwaka jana alikuja mama wa Igunga, mwanawe kaandika habari za mpunga. Yule alikuwa mwepesi! Tulimwingiza kwa mlango wa nyuma tumemshika miguu."

"Mimi nina afadhali," alisema Mama Juli. "Tumbaku ina kuni, kuni zinakupa uzito kidogo."

"Ndo ujisifu sasa!" alisema Bi Mwanamkuu, na wote wawili wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Julieth hakucheka. Alikuwa anapiga pasi joho.

Siku ya mahafali nondo zililia kila Mama Juli alipopiga hatua. Julieth alitembea mbele kidogo, si mbele sana, kiasi cha mtu kuweza kudhani ni watu wawili tofauti. Jina lake lilisomwa, vigelegele vikapigwa, wageni rasmi wakasema kwamba uchumi wa mkoa unahitaji vijana kama hawa. Baadaye kila mhitimu alimvalisha mzazi wake joho apigwe picha, kama inavyofanyika katika mahafali yote. Mpiga picha alimwona Mama Juli amesimama pembeni.

"Mama naye avae! Mama avae joho la mwanae!"

Koti la nondo halikuingia ndani ya joho. Mama Juli alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye nyasi. Julieth alimvalisha joho huku amemshika mkono.

"Dada, achia mkono kidogo," alisema mpiga picha. "Mnaonekana kama polisi na mhalifu."

Wenzake wa darasa walikuwa wanatazama. Julieth aliachia.

Mama Juli alipanda taratibu, amesimama wima, anatabasamu kwa ajili ya picha. Alipita maturubai, akapita nguzo za umeme. Wahitimu wengine waliinua macho, wakayarudisha kwenye simu zao. Wengi wao walikuwa wameshika vizuri mikono ya mama zao. Huko juu joho lilimvuka likarudi chini peke yake, kwa kuwa lilikuwa na bei. Liliangukia penye maji ya mapishi. Ofisa wa majoho alilikagua, akamtoza Julieth faini ya kuchafua. Julieth aliuliza kama kuna utaratibu wowote kuhusu mama. Ofisa alitazama mwongozo kwa uaminifu, mwanzo hadi mwisho, akasema haumo.

Picha ilitoka vizuri. Julieth anacheka, mkono umekaa hewani kama unaoaga, na kwenye ukingo wa juu zinaonekana kandambili mbili.

Upepo ulimpeleka Mama Juli upande wa kusini. Mzee Mabruki alimkuta kwenye mninga, pale njia ya zamani inapokatiza, amekaa tawi moja na wale wapagazi wa pembe. Wao walikuwa wanamuuliza kama msafara umeshaondoka. Yeye alikuwa anawauliza kama tumbaku yake imeshaingizwa banini. Mabruki alimshusha kwa kamba ya kushushia asali, akamrudisha kwa mumewe.

Sasa anafanya kazi ndani ya bani, juu, kwenye safu za mwisho za vijiti ambazo zamani ziliwapa shida. Masolwa ameuza ngazi. Anasema hata gharama zimepungua.

Julieth ana ajira. Anapita vijijini na mradi unaowaeleza wakulima kwamba tumbaku ina faida, na hutaja ripoti moja kuwa ushahidi, bila kusema ni ya nani. Akipita karibu na kwao huingia banini, husubiri macho yazoee giza, kisha huinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Kula."

Ripoti iko maktaba, rafu ya uchumi, na haijafungiwa. Mstari ni ule wa mwisho upande wa gharama. Hakuna askari anayeulinda; unalindwa na wewe tu, na simu yako, na haraka zako. Wewe pia uliandika mahali fulani, au ulisaini, au ulisoma ukapita. Basi toka nje sasa hivi, utazame juu ya paa la nyumba iliyokusomesha. Ukiona kamba, ishike. Kisha chukua kalamu, nenda kwenye sifuri yako, uifute uandike namba ya kweli, hata kama chini yake patasomeka hasara, hata kama joho watalirudisha stoo. Usiseme kesho. Inuka.