Shuka za Mji Mtupu

Wifi yangu alikuwa dobi, lakini si dobi wa ndoo na karai. Alikuwa na mashine kubwa za kufulia, meza ndefu ya kupigia pasi, na ua wa nyuma uliojaa kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta. Karibu kila hoteli na kila nyumba ya wageni katika mji wetu ilileta shuka zake kwake. Sisi wengine tulijua hali ya msimu kwa kukisia. Yeye aliijua kwa kutazama rundo: likipanda hadi kiunoni, mji unakula, likiishia magotini, kaza mkanda. Watu walimwita Mama Shuka, na jina hilo lilimkaa hata kwenye kibao cha mlangoni.

Mimi nilikuwa mapokezi katika hoteli kubwa kuliko zote mjini. Kazi yangu ilikuwa kutabasamu na kugawa funguo. Wifi hakuacha kunitania. "Wewe unauza meno," alikuwa akiniambia, "mimi nauza usafi. Tutaona biashara ya nani itaoza kwanza."

Alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka aliugua kwa muda mrefu kisha akafariki, na ndugu wakadhani mjane atafungasha virago arudi kwao. Hakwenda popote. "Aliyekufa ni mume," alisema. "Mama mkwe bado yupo, na hajanifukuza." Basi tukabaki wanawake watatu katika nyumba moja: mama yangu, ambaye kifua chake kilikuwa na pumu tangu ujana wake, wifi na mimi.

Ugonjwa tuliusikia kwanza redioni, kama jambo la watu wa mbali. Halafu wageni wakaanza kupungua. Halafu ikatoka amri, na asubuhi moja mabasi yakapanga foleni mbele ya hoteli kuwachukua waliobaki. Mgeni mmoja aliondoka nywele zikichuruzika maji, hakupewa hata nafasi ya kujifuta. Kufikia adhuhuri bosi alikuwa amefunga geti kwa mnyororo na kutuambia twende nyumbani tukasubiri. Barabara ambayo hatukuwahi kuivuka bila kupigiwa honi ikawa kimya kiasi kwamba ulisikia vibao vya maduka vikilia kwa upepo.

Wifi hakuwa na habari. Alikuwa amepakia shuka safi kwenye mkokoteni na kuanza kuzipeleka hoteli moja baada ya nyingine, na kila geti alilolifikia lilikuwa na kufuli. Akazirudisha zote. Akazipanga kwenye rafu zake, nyeupe, zimenyooka, hadi zikagusa dari, na hakuna aliyezitaka.

Mji ukaanza kujigeuza. Muuza vinyago akaweka vitunguu pale pale alipokuwa akipanga twiga wake wa mbao. Mpishi wa hoteli yetu akawa anauza mikate kupitia dirisha la jikoni kwake, kofia yake ndefu kichwani, maana alisema bila kofia mkono unasahau. Na mwongoza watalii mmoja, mtu mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa akiosha gari lake dogo la abiria kila siku ingawa halikwenda popote. Huyu tulimwita Hapa Kulia, kwa sababu ndivyo alivyoanza kila sentensi yake mbele ya wageni.

Siku moja muuguzi mkuu wa kituo cha afya alikuja kwa wifi. Mimi nilikuwepo, nikimsaidia kufuta vumbi kwenye mashine zilizolala. Muuguzi hakuingia. Alisimama barabarani, barakoa usoni, akaongea kwa sauti ya juu.

"Mama Shuka, wafuaji wetu wamekimbia. Wodi mpya ya ugonjwa huu imejaa, wagonjwa wanalala kwenye magodoro matupu, na shuka chafu zimejaa bafuni hadi mlangoni. Nimezunguka kwa madobi wote. Wewe ndiye wa mwisho."

"Niwe wa mwisho kwa nini, na mashine kubwa ninazo mimi?"

"Kwa sababu najua unaishi na mzee mwenye pumu."

Wifi alikunja kitambaa alichoshika, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akauliza, "Maji ya moto yanakiua hicho kidudu?"

"Maji ya moto, sabuni na dawa. Na wewe ujikinge uso na mikono. Nitakufundisha mwenyewe."

"Basi nipe hadi jioni. Nina mtu wa kumwomba ruhusa."

Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Wifi alichuchumaa mbele yake akamweleza yote bila kuficha kitu, pamoja na kwamba akianza hataweza kurudi nyumbani. Atalala kwenye chumba cha pasi hadi mambo yaishe.

"Wifi, una wazimu?" nilisema. "Wenye kazi yao wamekimbia, wewe unakwenda kwa miguu yako? Ukiugua nani ata..."

"Nyamaza wewe," mama alinikata. Akaweka ungo chini. "Mkwe wangu, kuna watu wamelala bila shuka?"

"Wapo, mama."

"Mwanangu alipokuwa anaumwa, nani alikuwa akimbadilishia shuka zake?"

"Mimi."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kila alipolowa, mama. Sikuhesabu."

Mama akachukua tena ungo wake. "Basi kazi unaijua. Nenda. Lakini chakula utakula cha kwangu. Nisisikie eti unashindia mkate mkavu kama panya wa dukani."

Hivyo ndivyo alivyohama. Na mara tu alipoona shuka za kituo alielewa kwamba kufua peke yake hakutatosha. Zilikuwa chache, zimechanika, nyingine ukizishika zinabaki mkononi. Akainua macho akatazama rafu zake zilizogusa dari.

Zile shuka hazikuwa zake, na wifi hagusi cha mtu. Akaenda kwa wenyewe mmoja mmoja. Kina mama wenye nyumba ndogo za wageni walikubali kabla hajamaliza kueleza. Bosi wangu alikataa. Aliongea naye akiwa ndani ya geti, ameshika nondo kama mfungwa wa hoteli yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kando.

"Shuka zangu ni pamba tupu, Mama Shuka. Mgeni akisikia zililaliwa na wagonjwa wa ugonjwa huu, atatia mguu hapa tena?"

"Bosi, mimi nakufulia tangu hoteli hii ina ghorofa moja. Hakuna kilichowahi kumwagika kwenye vitanda vyako nisichokijua. Nimewahi kumwambia mtu?"

Bosi alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka. Alicheka hadi akajifuta macho, na nadhani si yote yalikuwa machozi ya kicheko, maana alikuwa peke yake mle ndani kwa muda mrefu. "Chukua," alisema mwishowe. "Ila zenye nembo ya hoteli nirudishie. Hizo niachie, tafadhali."

Aliyezibeba alikuwa Hapa Kulia. Alipomwona wifi anasukuma mkokoteni mlimani alikimbia akamzuia njia. "Dada, gari langu linaota kutu kwa kuoshwa. Nionee huruma, nipe abiria." Akang'oa viti, akatandika plastiki chini, akaanza safari za kwenda na kurudi wodini. Na kwa kuwa mdomo wake haukuzoea likizo, alifungua madirisha akawa anayahutubia mafurushi ya shuka. "Wageni wangu watukufu, hapa kulia mnaona benki: imefungwa. Hapa kushoto, baa maarufu: imefungwa. Na hapa mbele yenu ni mimi: niko wazi saa zote!" Watu walichungulia madirishani kumsikiliza. Kwa wengi ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu mabasi yaondoke.

Lakini si wote waliocheka. Majirani wa ule ua walifunga madirisha mvuke ulipopanda. Muuza maji akawa anatua madumu kona ya mbali na kuondoka bila salamu. Mimi nilileta chakula kila siku, nikakiweka kizingitini, nikarudi nyuma hatua kadhaa ndipo nikamwita. Yeye alitokea dirishani na barakoa yake, akauliza habari za mama, akanitania, nami nikarudi nyumbani.

Asubuhi moja nilifika nikakuta hayupo dirishani. Nilizunguka nyuma. Mtu alikuwa ameruka ukuta akazikata kamba zote, na shuka zilizokuwa zimeanikwa zilikuwa kwenye tope, zimekanyagwa. Wifi alikuwa ameinama akiziokota. Alikuwa anaitikisa kila moja, anaikunja mara mbili, anaiweka kwenye beseni. Hakulia wala hakutukana. Nilitamani atukane.

"Nani kafanya hivi?"

"Mwenye hofu," alisema. "Ipitishe hiyo kamba, tuone kama inaungika."

Niliweka bakuli chini. Nikakunja mikono ya gauni, nikaingia uani.

"Wifi, rudi nyuma. Ukigusa hapa, nyumbani huendi tena."

"Najua. Mama alishaniambia tangu jana kwamba nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jirani wa mbele amekubali kumpikia."

Akatungua glavu zake za akiba kwenye msumari akanirushia. "Wenzako hupewa jembe siku ya tatu. Wewe mgeni wangu nakupa leo leo."

Tangu hapo nililala kwenye chumba cha pasi pamoja naye, na nikajua kazi. Mikono yangu ilizoea uzito wa shuka iliyolowa, ambayo ni kama kumbeba mtoto aliyelala. Muuguzi alikuwa amesema pasi si lazima, maji ya moto yanatosha. Wifi alipiga pasi kila moja, kila pembe. Nilimuuliza kwa nini anajitesa.

"Umewahi kulala kwenye shuka iliyonyooshwa ukiwa mgonjwa?" alisema. "Kaka yako aliniambia inamfanya ajione kama mtu anayetarajiwa kuamka."

Wapo ambao hawakuamka. Shuka zao hazikurudi, na wifi alilijua hilo kabla hatujaambiwa, kwa kupima furushi mikononi. Siku hizo hakumtania mtu. Wapo waliopona pia. Mmoja wao alikuwa muuza maji. Siku aliyotoka wodini alikuja na madumu yake hadi mlangoni kabisa, akayaingiza ndani mwenyewe, akasimama akitazama rafu. "Nilikuwa naitambua harufu ya sabuni yako," alisema. Wifi akamwambia, "Jaza na lile pipa la nyuma basi, usisimame kama nguzo." Akalijaza, huku akijifuta uso kwa kiwiko.

Ugonjwa ulipungua polepole, kama maji yanayotafuta njia ya kutoka. Wodi ikafungwa. Mji ukafunguka kwa kuchechemea: baadhi ya hoteli hazikufungua tena, na baadhi ya zilizofungua zilipeleka shuka zao kwa dobi wa mji wa pili, kwa kuogopa maneno. Wifi hakuwalaumu. "Hofu haina breki," alisema tu, akazima mashine moja.

Siku moja bosi wangu alikuja kwa miguu, akiburuta toroli la mizigo ya wageni lililojaa shuka. Zote zilikuwa zile zenye nembo.

"Nimefungua vyumba vya chini tu," alisema. "Nimempata mgeni mmoja. Ameniuliza shuka zangu zinafuliwa wapi, nikamwambia, kwa yule mama aliyefua za wagonjwa mji mzima."

"Akaondoka?"

"Akauliza kama anaweza kuongeza siku."

Jioni hiyo tulirudi nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu mchana, hakutaka kukaa. Kwa miezi yote hiyo alikuwa amemwona mkwe wake kwa mbali tu. Hakumkumbatia kwanza. Alimshika mikono, akaigeuza juu na chini, akaiona ilivyopasukapasuka kwa dawa na maji ya moto.

"Imekuwa ya bibi kizee," alisema. "Sasa tumelingana." Akaenda kuchukua mafuta, akamkalisha kitandani, akaanza kumpaka kidole kimoja kimoja. Kabla hajaumaliza mkono wa pili, wifi alikuwa amelala akiwa amekaa.

Kesho yake jua lilipokuwa limepanda, Hapa Kulia alipiga honi nje. Gari lilikuwa na viti vyake, na juu ya viti walikuwemo wageni wa kweli, wamechoka kwa safari, wakitafuta nyumba yenye vitanda vizuri. Alitaka Mama Shuka awaambie ipi.

Mama alitoka na ungo mkononi, akaweka kidole mdomoni.

"Waambie wazunguke mji kwanza," alisema. "Dobi amelala."