Kilemba Kwenye Kioo Cheusi

Mihayo alikuwa dalali wa viwanja, na dalali wa viwanja, kama mnavyojua, kwanza anauza sura yake ndipo auze kiwanja. Ndiyo maana alipopata gari lake, Crown nyeupe, hata wiki haikuisha akawa ameipeleka kwa fundi pale Mkuyuni ikabandikwe tinted, ile karatasi nyeusi ya vioo. Fundi alimwambia wazi kwamba vioo vya mbele kisheria vinatakiwa vipitishe mwanga, askari aweze kuona nani anaendesha. Mihayo akamjibu aweke nyeusi kuliko zote, habari za askari amwachie yeye. Ikawekwa. Ukisimama nje ulikuwa unaona uso wako mwenyewe, basi.

Sasa mkewe, Gladness, alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue mtoto wao wa kwanza, Precious. Mama yake Gladness, Tereza, akaaga kwake Sengerema aje kumsaidia binti yake kulea. Gladness aliomba jambo moja tu.

"Baba Precious, kampokee mama pale Kigongo darajani. Ana mizigo."

Mihayo akajibu bila hata kumeza mate, "Gari liko gereji."

Gereji gani? Gari lilikuwa uani kwa rafiki yake, mtaa wa pili hapo hapo Kiseke. Na ungemuuliza kwa nini amedanganya, angekupigia hadithi ndefu ya mila. Kwao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wanasalimiana huyu ameangalia ukuta, yule ameangalia mlango. Miaka mitano ya ndoa, Mihayo hakuwahi kuuona vizuri uso wa Tereza. Sasa wakae wawili ndani ya gari moja mpaka Kiseke, wataangalia wapi? Mila ni kweli, sikatai. Lakini tusidanganyane hapa: kilichomkera Mihayo ni ndoo ya dagaa na jogoo kwenye viti vyake vipya, na wateja wake wamwone anashusha mama wa kijijini mwenye ndala. Na huyo mama ndiye aliyemtetea wakati wa posa. Wajomba wa Gladness walimkataa, wakasema dalali ni mtu wa maneno. Tereza akasema, "Mimi nimemsikiliza. Huyu si mwongo."

Mchana ule ule Mihayo akaenda Kigongo kumwonyesha mteja kiwanja. Walipomaliza, mteja akaenda zake, naye Mihayo akaegesha pembeni ya barabara, karibu na mabanda ya chakula, kiyoyozi kinapuliza. Simu ikaingia ujumbe wa Gladness: "Gari alilopanda mama limeharibika, amevuka daraja kwa bodaboda yuko hapo Kigongo juani. Tungekuwa na gari leo jamani."

Akainua macho, na Tereza huyo hapo, ndoo ya dagaa na jogoo mkononi.

Alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Mihayo akajua amekwisha. Kumbe hakuwa anamfuata mtu, alikuwa anafuata kioo. Akatua ndoo yake, akamweka jogoo chini ya mguu, akainama mbele ya kile kioo cheusi akaanza kujitazama. Kati ya uso wake na uso wa mkwewe haikufika hata shibiri moja.

Akafungua kilemba. Mihayo akaona nywele zote zimekuwa nyeupe, akaona pengo la jino upande wa kushoto, akaona jasho lililochora mistari kwenye vumbi la mashavu. Alitaka kufumba macho na macho yakakataa. Tereza akalamba kidole, akalaza nyusi zake. Akajifuta kwa pindo la khanga, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuingia kanisani. Akafunga kilemba upya, akaona kimelala upande, akakifungua, akakifunga tena.

Ndipo akasikia injini inaunguruma. Akashtuka, akagonga kioo kwa kiganja.

"Mwanangu, samahani, kumbe uko ndani. Kama unaelekea mjini nisaidie, mzigo wangu ni mdogo tu."

Mihayo hakusogeza hata kidole. Alichotakiwa ni kushusha kioo tu, kazi ya kidole kimoja. Lakini akishusha, lile gari la gereji litakuwa limeonekana Kigongo, na yule asiye mwongo ndiye ameketi ndani yake. Akaweka gia, akaondoka polepole. Tereza akarudi nyuma akiburuta jogoo wake.

"Samahani, baba," akaliambia gari.

Njiani Mihayo alijitetea kichwani kwa kila namna mtu anavyoweza kujitetea, akashindwa kujiamini mwenyewe. Alipofika Usagara, trafiki akampungia mkono asimame. Alikuwa dada mmoja mrefu, mpole, wale wapole ambao huwezi kuwababaisha.

"Kaka, tinted za kiwandani hatugombani nazo," akasema. "Hii ya kubandika umezidisha. Nimesimama hapa mbele yako na sijui kama naongea na mtu au na kivuli. Sheria inataka nikuone."

"Afande, tusameheane."

"Faini utalipa, na hizi unazibandua hapa hapa ndipo uondoke."

Akanunua wembe kwenye kioski, akaanza na mlango wa dereva. Tinted hubandikwa kwa dakika chache, kuibandua ni adhabu. Inatoka vipande vipande, gundi inabaki, inanasa kwenye mikono na kwenye shati. Vijana wa bodaboda wakaja kushangilia. Mmoja akasema, "Kumbe mwenyewe ni huyu. Mimi nilidhani humu anapita waziri." Wakacheka, naye akacheka kidogo ili yaishe.

Kioo kilikuwa kimebanduliwa nusu pale kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kilichobeba nyanya, kiliposimamishwa, na juu ya matenga ya nyanya ameketi Tereza na jogoo wake. Trafiki akamgombeza dereva kwa kubeba abiria juu ya mzigo, akamshusha mama taratibu kwa mkono.

"Mama, usihangaike. Huyu kaka ana gari tupu na anaelekea mjini. Kaka, utamchukua huyu mama."

Tereza akageuka. Akamwona Mihayo, wembe mkononi, kipande cheusi kimemnasa kifuani. Kwa mazoea akageuza uso pembeni haraka, akavuta khanga. Halafu akaliangalia gari. Akakiangalia kile kioo, nusu cheupe, nusu cheusi, akakiangalia kwa muda.

Trafiki akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mama, mnafahamiana?"

"Hapana, mwanangu, simfahamu," Tereza akasema. "Mimi mkwe wangu yuko hapo Kiseke. Ila gari lake liko gereji."

Akabeba ndoo yake, akavuka barabara kwenda kusubiri basi. Mihayo akaendelea kukwangua kioo. Wembe ulipomkata kidole hakuusikia.

Alifika nyumbani jioni, amechelewa kusudi. Uani kulinukia kuku. Gladness akatoka na mtoto begani.

"Mama kafika mwenyewe, masikini, na jua lile. Kumbe gari limetoka gereji?"

Kabla hajajibu, sauti ya Tereza ikatoka jikoni. "Mwache baba apumzike kwanza. Ametoka kuhangaika na mafundi."

Akaletewa chakula peke yake sebuleni, maana mkwe hali mbele ya mkwe. Jogoo alikuwa wake. Mama alimbeba kutoka Sengerema kwa ajili yake, na juu ya sahani, peke yake, ikawekwa firigisi, heshima ya mwenye nyumba. Mihayo akaishika. Akaitazama. Akairudisha.

Akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama amegeuzia uso nje, kama inavyopasa.

"Mama. Pale Kigongo nilikuwa ndani ya gari. Nilikuona. Gari halikuwa gereji."

Tereza aliendelea kupepea mkaa. Nyuma ya Mihayo Gladness alikuwa amesimama na mtoto, amesikia yote.

"Nilijua pale Usagara, baba," Tereza akasema. "Lakini wakati ule kwenye kioo sikujua kama kuna mtu. Nilikuwa najiweka sawa tu. Nilijisemea, mkwe wangu anaishi na watu wa mjini, nisije nikamtia aibu."

Mihayo alibaki ameangalia chini, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mila.